Niandike ya wodini, au niyaache yalipo?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni daktari, mwanamume wa miaka 39, naishi na kufanya kazi hapa Dodoma. Nimeoa, mke wangu ni mwalimu wa sekondari, tuna watoto wawili. Naomba jina langu na la hospitali yasitajwe. Ukisoma utaona kwa nini.

Kuna mwenzangu niliyesoma naye, sasa anafundisha madaktari walio mafunzoni. Anakusanya maandishi ya madaktari waliokuwa kazini wakati wa korona. Anataka kila mmoja aeleze kwa mkono wake alichokiona na namna kilivyombadilisha, kurasa chache tu, kisha yachapwe kitabu kidogo cha kusomwa na wanaoanza kazi. Yangu anayataka kabla ya mwaka kuisha. Anajua nina daftari. Kipindi kile zamu ikiisha nilikuwa nakaa kidogo garini, naandika, ndipo naingia kuoga.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Wiki za mwanzo tulikuwa na hofu, lakini angalau tulikuwa na habari. Baadaye hesabu ya nchi ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Sisi wodini tukawa tunahesabu vitanda vyetu wenyewe. Wimbi lililonigeuza ni lile la mwanzoni mwa 2021. Kwenye faili tuliandika nimonia, mtaani watu wakasema changamoto ya upumuaji. Wengi walikuja wamechelewa, wamepiga nyungu nyumbani siku kadhaa, wengine uso umebabuka kwa mvuke, midomo imeshabadilika rangi. Unamwekea mtu kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia sitini na kitu, naye anakuambia kwa sauti ya kukatikakatika kwamba anajisikia nafuu.

Mama, kuna hesabu ambayo mtu asiyekuwa pale hawezi kuijua. Mashine kubwa ya oksijeni inatoa lita 10 kwa dakika. Mgonjwa aliyezidiwa anahitaji 15 na kuendelea. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Ukiufungulia 15 kwa dakika unaisha ndani ya saa saba na nusu, na usiku una saa kumi na mbili. Kila jioni nilikuwa naanza zamu kwa hesabu hiyo.

Usiku mmoja mtungi uliobaki ulikuwa mmoja. Wanaouhitaji walikuwa wawili: mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mama kijana aliyekuwa amejifungua wiki ileile. Wodi ilikuwa na utaratibu, kwamba anayetarajiwa zaidi kupona ndiye anayetangulia. Muuguzi wa zamu akanitazama. Mimi ndiye niliyetoa kauli. Mtungi ukaenda kwa yule mama, mzee akabaki kwenye mashine ndogo ya lita tano. Saa chache kabla ya hapo mzee alikuwa ameniomba simu, na kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji nikampa yangu, nikamshikia sikioni akaongea na mkewe. Waliongea Kigogo. Mimi si Mgogo, niliambulia maneno machache. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Yule mama alipona, akaondoka na mtoto wake.

Mjane wa mzee tunasali naye kanisa moja. Ananiita "mwanangu daktari". Msimu wa zabibu ananiletea mfuko kutoka shambani kwake. Watoto wanazila, mimi siwezi. Hajui habari ya mtungi. Anajua tu kwamba mumewe aliugua nimonia na kwamba mimi nilikuwepo.

Nimejaribu kuandika mambo mengine. Namna tulivyojifunza kuwalaza wagonjwa kifudifudi. Namna tulivyofurahi mwezi Juni 2020, utafiti kutoka Uingereza uliposema deksamethasoni, dawa ya bei ndogo tuliyokuwa nayo siku zote kabatini, inapunguza vifo kwa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Chanjo, iliyozinduliwa tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akichanjwa mbele ya watu, na wenzangu wa kada ya afya walioiogopa kuliko ugonjwa. Yote ni kweli, lakini nikiyasoma bila usiku ule naona ni mapambo.

Mke wangu hataki kabisa. Alinijibu maneno mawili tu: "Usifukue kaburi." Kipindi kile nilihamia chumba cha uani. Alikuwa ananiwekea sahani mlangoni na kuondoka, mtoto wetu mkubwa akaambiwa baba amesafiri, kumbe nilikuwa namsikia akicheza dirishani kwangu. Mke wangu anasema tulivuka, na mtu akishavuka mto hana haja ya kurudi kuupima kina.

Mimi nahisi sijavuka. Umeme ukikatika usiku naamka nikihesabu mitungi. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa kule Kagera na mhudumu wa afya akawa miongoni mwa waliofariki, wenzangu walijitolea kwenda. Mimi sikuandika jina, na sijamwambia mtu sababu.

Niandike usiku ule au niuruke? Nikiandika, nimwambie mama yule kwanza? Au nimsikilize mke wangu, daftari libaki kabatini?

Daktari, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kazi, na pole ya kuyabeba haya miaka yote huku ukiendelea kuamka asubuhi na kuvaa koti.

Umeniuliza maswali matatu kwa pamoja: uandike au usiandike, umwambie mjane au usimwambie, umsikilize mkeo au umpite. Nimeona tuyatenganishe, maana kila swali lina mwenyewe. La kwanza ni lako na wagonjwa wako. La pili ni la mama yule kuliko lilivyo lako. La tatu ni la nyumba yenu. Nadhani yanakulemea hivi kwa sababu umeyafunga yote kwenye daftari moja, ukaona ukilifungua limefunguka lote.

Lakini kuna mtu uliyemtaja kwa sentensi mbili tatu ukampita. Yule mama kijana.

Katika barua yako nzima aliyefariki ana mjane, ana shamba la zabibu, ana kanisa, ana lugha yake. Aliyepona ana mtoto tu, kisha anaondoka. Nimejiuliza yuko wapi leo. Mtoto wake ameshaanza shule. Huenda wanaishi Nkuhungu au Chang'ombe, huenda alirudi kwao Kondoa. Unahofia mjane atasikia nini akikisoma kitabu. Je, huyu naye akikisoma? Hata ukibadilisha majina, mwanamke aliyelazwa wodi ile mwanzoni mwa 2021 akiwa na kichanga cha wiki moja atajijua papo hapo. Atajua kwamba pumzi yake ya usiku ule ilikuwa inasubiriwa na mtu mwingine. Wapo wanaoweza kulipokea jambo kama hilo na kushukuru tu. Wapo ambao litawakalia kifuani kama lilivyokukalia wewe, na yeye hakuchagua chochote, hakuulizwa, pengine hata fahamu zilikuwa mbali. Sisemi hili likuzuie. Nasema tu kwamba wenye usiku ule ni wengi kuliko wewe, muuguzi na mzee.

Sasa mjane. Unaamini hajui, na unaamini akijua zabibu hazitakuja tena. Yote mawili inawezekana. Ila nakuomba uyapime, kwa sababu wajane niliokaa nao hapa Dodoma mara nyingi wanajua zaidi ya wanachosema. Hospitali zina wafagizi, zina walinzi, zina ndugu wa wagonjwa wa kitanda cha pili. Habari ya oksijeni kutotosha mwaka ule haikuwa siri mjini. Huenda aliisikia msibani kabla hata ya matanga kuanuliwa, akaamua mwenyewe namna ya kuishi nayo, na akaamua pia kukuita mwanangu. Huenda hajui kabisa. Hujui wewe, wala sijui mimi.

Kuna jingine. Wewe unafikiri ana swali moja, la mtungi. Wafiwa wa kipindi kile walinyimwa vitu vingi: kumuuguza mgonjwa wao kwa mikono yao, kumlisha uji, kumgeuza, na wengine hata kumwosha. Maswali ninayoyasikia kwao ni haya: alikuwa peke yake? Aliomba maji akapewa? Alikuwa na baridi? Kuhusu hayo wewe unacho cha kumpa, na sijaona kwenye barua yako kwamba umewahi kumpa. Ulimshikia mume wake simu sikioni. Yale maneno ya Kigogo usiyoyaelewa, yeye anayo yote. Mnaweza kuketi siku moja mkazungumza kuhusu simu ile bila kugusa mtungi, na ukamwacha yeye aulize anachotaka kuuliza. Akiuliza la mtungi, hutamdanganya. Asipouliza, utakuwa umejua kitu kuhusu mahali anapotaka kusimama.

Hatari ipo, na sitaificha. Mtu aliyelemewa anaweza kumwendea mfiwa akidhani anampelekea ukweli, kumbe amekwenda kuomba msamaha, na mama wa watu akajikuta yeye ndiye anayembembeleza daktari. Kabla hujaenda kwake jiulize: akinyamaza tu, akainuka akaingia ndani, nitaweza kurudi nyumbani na kuendelea kuishi? Kama jibu ni hapana, basi safari hiyo bado ni kwa ajili yako. Hakuna ubaya kuhitaji kusikilizwa, lakini si yeye anayepaswa kukusikiliza.

Umeandika "mimi ndiye niliyetoa kauli". Sitakuambia huna lawama. Naamini wenzako wameshakuambia, na usingizi haujarudi. Nakuuliza tu: ule utaratibu wa wodi uliandikwa na nani? Ulikuwa umebandikwa ukutani, au ulikuwa unajulikana tu kwa midomo? Kulipokucha, kuna aliyekuita wewe na muuguzi mkakaa chini? Machi 2020 chama cha madaktari wa usingizi na wagonjwa mahututi cha Italia kilitoa mwongozo wa nani apewe kitanda pale vitanda visipotosha, na mojawapo ya sababu walizozieleza ni kumpunguzia daktari mmoja mmoja uzito wa kuamua peke yake. Ilikuwa Ulaya, kwenye hospitali zenye vifaa kuliko zetu, na bado waliona mtu mmoja hapaswi kuachiwa. Wewe uliachiwa kwa kiasi gani? Hapo pana jambo la kuwaandikia madaktari wanaoanza, na linaweza kuandikwa kwa ukali wote bila mzee wala mama kijana kuonekana ndani yake. Hesabu yako ya lita 6,800 peke yake imenikalisha kimya. Sikuijua, nami nilikuwa na ndugu wodini mwaka ule.

Kuhusu kuandika kwenyewe, nina upande unaonivuta, na ni haki uujue. Mimi ni wa hapa. Wazee wa Ugogo wanaisimulia Mtunya, njaa ya miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, utadhani waliiona kwa macho yao. Mafua makali ya 1918 yalipita Afrika Mashariki wakati huohuo, yakaua watu njaa ikiwa imewamaliza nguvu, lakini sijawahi kumsikia mzee akiyasimulia. Njaa ilipata jina na masimulizi, ugonjwa ukamezwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,500 duniani walikufa kwa korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Waliobaki hai wasipoandika, wajukuu zetu watarithi tarakimu tu. Kwa hiyo natamani uandike. Lakini kutamani kwangu hakulipi gharama ya nyumba yako, na mimi sitakuwepo kanisani Jumapili kitabu kikishatoka.

Siri ya mgonjwa haiishi na kifo chake, hilo unalijua kuliko mimi, na Baraza la Madaktari Tanganyika lipo la kuulizwa. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwenzako anayekusanya maandishi anapaswa awe ameshapata majibu ya kisheria kabla ya kukuomba ukurasa hata mmoja. Mwulize.

Unaweza kuandika usiku ule ukabadilisha umri, jinsia na kazi za watu. Inasaidia, ingawa Dodoma pamoja na kukua kwake bado watu wanajuana, na ukibadilisha sana utajikuta umeandika hadithi, wakati ulichotaka ni ushahidi. Unaweza kuandika yote bila kumpa mtu, uone kinabaki nini kifuani baada ya hapo. Wengine wanapata nafuu, wengine wanajikuta wameufungua mfereji bila mtu wa kuwasaidia kuufunga. Unaweza kumwambia mwenzako kwamba hutaandika, ila utakwenda kukaa na vijana wake darasani, mlango umefungwa, uwaeleze kwa mdomo. Kwa vijana huenda hilo ndilo lenye nguvu zaidi, maana watakuuliza, na daftari haliulizwi. Hasara yake ni kwamba halitabaki. Hata yale unayoyaita mapambo usiyadharau haraka. Daktari wa wilayani atakayekuwa zamu siku ugonjwa mwingine ukiingia atashukuru kusoma namna mlivyojifunza kumlaza mtu kifudifudi.

Sasa mkeo. Umeyachukua maneno yake kama hofu ya midomo ya watu. Inawezekana. Lakini fikiria na yeye alipokuwa. Alipika, akaweka sahani mlangoni, akarudi ndani bila kujua kama atakayeichukua kesho atakuwa na nguvu za kusimama. Akamdanganya mtoto kila siku, kwa uso mkavu, huku baba yuko ukuta wa pili. Asubuhi akaenda kufundisha. Je, kuna aliyemwomba aandike kurasa chache? Wewe unaitwa kwenye kitabu, yeye anaitwa mke wa daktari. Sijui kama kaburi analolisema ni la mzee yule, au ni la miezi ile ya kwenu wawili ambayo hamjawahi kuizungumza. Mwulize, ila usimwulize kuhusu kitabu. Mwulize ilikuwaje kwake. Akisema hataki, muda wake haujafika, usimlazimishe. Akianza kusema, msikilize hadi mwisho bila kumweleza ilivyokuwa upande wako.

Na wewe mwenyewe. Kuamka ukihesabu mitungi, kushindwa kula zabibu, kutoandika jina lako kwa ajili ya Kagera na kuificha sababu: ungekuwa unamsikiliza mgonjwa anayekueleza haya, usingemruhusu atoke bila kumpa tarehe ya kurudi. Waganga wa akili waliowahudumia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam waliona watu walioumia si kwa hofu ya kufa, bali kwa yale waliyolazimika kuyafanya au kuyashuhudia kinyume cha dhamiri zao. Baada ya korona maelezo hayohayo yametumika sana kwa madaktari na wauguzi. Yana msaada wake, na msaada huo ni wa mtu kukaa na mtu aliyesomea. Hapa mjini tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, tuna wataalamu katika hospitali nyingine pia. Najua unachowaza: Dodoma ukionekana geti la Mirembe, kabla hujafika nyumbani mtaa mzima umeshajua, na wewe ni daktari. Aibu hiyo imewaumiza watu wengi wa mji huu, nami inaniuma kila ninapoiona. Kama geti linakushinda, omba kuonana na mtaalamu nje ya hospitali, au nenda kwa aliyeko Morogoro au Singida. La usingizi lisisubiri kitabu kiamuliwe.

Na yule muuguzi wa zamu? Hujasema kama mliwahi kuzungumza tena. Alikuwepo, aliona ulichoona, na kama yu hai na mnaweza kuonana, ni mtu pekee ambaye hutahitaji kumweleza chochote kuanzia mwanzo. Ningekuwa wewe ningemtafuta yeye kabla ya mjane, kabla hata ya kumjibu mwenzako. Huenda naye anaamka umeme ukikatika.

Mwisho wa mwaka ni tarehe ya mwenzako, hukuipanga wewe. Mwambie unahitaji muda zaidi, uone atasemaje. Na ukishakaa na mkeo, niandikie tena, hasa akikuambia jambo ambalo hukulitarajia.

Mama yako mshauri